Usukani Mgumu Asubuhi ya Baridi

Ni mwezi wa Juni, alfajiri, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tabora. Kuna baridi. Watu wamevaa makoti na kujitanda khanga. Marobota ya tumbaku yamepangwa tayari, yanangoja kupelekwa sokoni. Lori limelala hapo kijijini tangu jana jioni.

Dereva anawasha lori. Anashika usukani na kuuzungusha. Usukani hautaki. Anaukamata kwa mikono miwili, anakaza misuli, ndipo unapozunguka. Dereva anacheka na kusema, "Ni baridi tu. Jua likitoka utalegea."

Kweli, jua linatoka na usukani unalegea. Siku ya pili ni vile vile. Siku ya tatu ni vile vile. Watu wanazoea.

Je, dereva huyu amesema kweli? Amesema nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kuua watu. Somo hili linahusu nusu hiyo. Linakufaa wewe dereva, wewe mwenye gari, na pia wewe unayepanda gari au unayepakia mazao yako ndani yake.

USUKANI NI KIRANGOZI

Zamani njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba nguo, shanga na pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Yeye ndiye aliyejua njia. Wote walimfuata nyuma. Kirangozi akipotea, msafara mzima umepotea.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Baadaye yakaja magari. Leo lori dogo la tani tatu hubeba mzigo unaokaribia ule wa wapagazi mia moja. Lori hilo nalo lina kirangozi wake. Kirangozi huyo ni usukani. Injini ikizimika njiani, gari litasimama. Lakini usukani ukigoma katika kona, gari litakwenda lisikotakiwa, pamoja na mzigo na watu wote waliomo.

NGUVU YA MKONO HUFIKAJE KWENYE GURUDUMU?

Ili ujue mahali penye ugonjwa, lazima kwanza ujue njia ambayo nguvu ya mkono wako hupita. Tuifuate hatua kwa hatua.

Mkono huzungusha usukani. Usukani huzungusha nguzo ndefu ya chuma iliyo chini yake. Nguzo hiyo ina viungo, kama mkono ulivyo na kiwiko. Nguzo huingia katika boksi la usukani. Ndani ya boksi mna meno ya chuma. Meno hayo hugeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kwenda kushoto na kulia. Boksi husukuma fito za chuma, ambazo mafundi huziita tairodi. Mwisho wa kila tairodi kuna kiungo cha mviringo, ambacho mafundi hukiita boljointi. Mwisho kabisa, gurudumu hugeuka juu ya viungo vyake. Katika malori mengi, gurudumu hugeuka juu ya pini nene ya chuma iitwayo kingipini.

Viungo vyote hivi vinahitaji mafuta au grisi. Kiungo kimoja kikikauka, mkono wako utasikia uzito.

Magari mengi ya leo yana msaada zaidi. Mafundi huuita pawa. Injini huzungusha pampu kwa mkanda wa raba. Pampu husukuma mafuta kwenye boksi la usukani, na mafuta hayo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Magari mengine mapya hayatumii mafuta. Yanatumia mota ya umeme badala yake. Na magari mengi ya zamani, kama Land Rover za kale na malori ya zamani, hayana pawa kabisa. Hayo hugeuzwa kwa nguvu za dereva peke yake.

Basi, jambo la kwanza ni kujua gari lako ni la aina gani.

BARIDI HUFANYA NINI?

Chukua chupa ya mawese kutoka Kigoma. Mchana wa jua kali mawese hutiririka kama maji. Asubuhi ya mwezi Julai, mawese yale yale huwa mazito, au huganda kabisa ndani ya chupa. Hakuna aliyeongeza kitu. Ni baridi tu.

Mafuta na grisi za gari nazo huwa nzito zaidi wakati wa baridi, ingawa si sana kama mawese. Hilo ni jambo la kwanza.

Jambo la pili ni upepo wa matairi. Hewa ikipata joto hutanuka. Ikipata baridi hunywea. Tairi lililosoma 30 kwenye kipimo wakati wa mchana, huweza kusoma 28 hivi alfajiri, ingawa halikutoboka. Tairi lenye upepo mdogo hulala chini na kung'ang'ania ardhi. Kuligeuza kunahitaji nguvu nyingi.

Jambo la tatu ni raba. Raba iliyozeeka huwa ngumu zaidi wakati wa baridi. Mkanda wa pampu uliozeeka huteleza badala ya kuvuta. Raba zilizo ndani ya boksi la usukani nazo, zikichakaa, huacha mafuta yapenye zikiwa na baridi. Zikipata moto hutanuka na kuziba tena. Ndiyo maana usukani wa namna hiyo huwa mgumu asubuhi na mwepesi baadaye.

LAKINI BARIDI YA TABORA NI KIDOGO

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Tabora iko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai, alfajiri huwa na joto la nyuzi 15 hivi. Siku nyingine hushuka chini ya hapo kidogo. Kwetu sisi hiyo ni baridi. Lakini kwa gari si baridi kali. Huko Makete, mkoani Njombe, baridi ya miezi hiyo huweza kukaribia nyuzi sifuri. Huko Kanada, wakati wa majira yao ya baridi, joto huweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Na huko watu wanaendesha magari. Huko usukani ukiwa mzito kwa dakika chache za mwanzo, si ajabu.

Hapa Tabora ni ajabu. Baridi ya nyuzi 15 haitoshi kuufanya usukani mzima uwe mgumu. Ukiwa mgumu, maana yake kuna kitu kilichokuwa kimeanza kuharibika tangu zamani. Baridi haikuleta ugonjwa. Baridi imeufichua. Ni kama mtu mwenye goti bovu. Mchana hutembea vizuri, asubuhi ya baridi huchechemea. Si baridi iliyomvunja goti.

Kwa hiyo usiseme, "Jua likitoka utalegea." Sema, "Baridi imeniambia jambo. Nitafute ni jambo gani."

KWANZA JIULIZE

Fundi mzuri, kabla ya kushika spana, huuliza maswali. Jiulize nawe:

1. Usukani ulianza kuwa mgumu lini? Ghafla, au kidogo kidogo?

2. Ni mgumu gari likisimama tu, au hata likitembea?

3. Ni mgumu pande zote mbili, au upande mmoja?

4. Kuna mlio? Ni kelele kali, au ni mngurumo?

5. Ukikata kona kisha ukalegeza mkono, usukani unarudi wenyewe, au unabaki umepinda?

6. Kabla ya hapo gari lilifanyiwa nini? Liliwekwa matairi mapya? Liliongezwa mafuta?

Fanya uchunguzi wako gari likiwa tupu, mahali palipo tambarare na pagumu. Njia nyingi za vijijini kwetu zina mchanga. Katika mchanga kila usukani ni mzito. Ukipima mchangani utadanganyika.

Tena, pima asubuhi kabla gari halijatembea. Watu wengi hulipeleka gari kwa fundi saa sita mchana. Wakati huo jua ni kali, usukani ni mwepesi, na fundi haoni kitu. Afadhali uliache gari kwa fundi jioni, alijaribu mwenyewe alfajiri.

HATUA YA KWANZA: UPEPO WA MATAIRI

Anza na jambo rahisi na la bei ndogo. Pima upepo wa matairi ya mbele yakiwa baridi. Usipime baada ya safari, kwa sababu tairi lililotembea lina joto, na kipimo kitasoma zaidi.

Upepo unaotakiwa ni kiasi gani? Magari mengi yana kibandiko chenye namba hizo karibu na mlango wa dereva. Pia zimo katika kitabu cha gari. Wewe sasa unajua kusoma. Zisome mwenyewe, usikisie.

Kama matairi yote mawili yamepungua kidogo, yajaze. Kama moja limepungua sana, hiyo si baridi. Hilo linavuja, tafuta tundu. Ukishajaza, jaribu usukani tena. Ukiwa mwepesi, kazi imekwisha. Ukiwa bado mgumu, endelea.

HATUA YA PILI: JE, PAWA INAFANYA KAZI?

Hatua hii ni kwa gari lenye pawa. Kuna jaribio moja rahisi lisilohitaji chombo chochote.

Gari likiwa limezimwa, vuta breki ya mkono na uweke gia huru. Fungua ufunguo ili usukani usijifunge. Sasa vuta usukani kidogo upande mmoja. Utakuwa mgumu, na hilo ni sawa. Endelea kuuvuta taratibu huku ukiwasha injini. Injini ikiwaka, usukani unapaswa kulegea papo hapo mkononi mwako. Usipolegea, au ukichelewa kulegea, pawa ina kasoro.

Kama pawa ya gari lako ni ya umeme, tazama taa kwenye dashibodi. Kuna taa yenye picha ya usukani. Ikiwaka na kubaki inawaka, mpeleke fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa ya gari. Hapo hakuna mafuta ya kuongeza.

Kama pawa ni ya mafuta, zima injini na ukague mambo mawili.

La kwanza ni mafuta yenyewe. Fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya usukani. Kina alama mbili, ya chini na ya juu. Mafuta yawe kati ya alama hizo. Yakiwa chini, yamevuja. Kuongeza tu hakutoshi. Tafuta yanapovujia: kwenye mipira, kwenye pampu na kwenye boksi. Kisha tazama sura yake. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yamechoka, yanataka kubadilishwa. Mafuta yenye povu yameingiwa na hewa, na pampu itanguruma kama inalalamika.

Jihadhari na aina ya mafuta. Magari mengi hutumia mafuta mekundu yale yale ya giaboksi ya otomatiki. Mengine yana mafuta ya aina yake. Soma maandishi kwenye kifuniko, au soma kitabu cha gari. Usitie kamwe mafuta ya breki katika usukani. Mafuta ya breki huharibu raba zilizomo ndani, na hasara yake ni kubwa kuliko ugonjwa uliokuwapo.

La pili ni mkanda. Mkanda unaoteleza hupiga kelele kali asubuhi, hasa unapokata kona. Injini ikiwa imezimwa, utazame. Je, una nyufa? Una mafuta juu yake? Unang'aa kama kioo? Kisha ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Kwa magari mengi, mkanda ukibonyea kama sentimita moja ni sawa. Ukibonyea zaidi sana, umelegea. Usiguse mkanda injini ikiwa inazunguka. Watu wamepoteza vidole kwa njia hiyo.

Kelele kali huonyesha mkanda. Mngurumo huonyesha mafuta au pampu. Kumbuka tofauti hiyo, maana mara nyingi watu hununua pampu mpya kwa bei kubwa, kumbe mgonjwa alikuwa mkanda.

HATUA YA TATU: INUA MAGURUDUMU

Kama upepo ni sawa, na pawa ni sawa au gari halina pawa, sasa tunatafuta kiungo kilichokauka.

Kwanza usalama. Weka gari mahali pagumu. Vuta breki ya mkono. Weka kabari au mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha uweke stendi imara za chuma. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa hewani, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu. Sasa matairi hayagusi chini. Usukani unapaswa kuzunguka kwa wepesi kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia.

Ukizunguka vizuri, viungo ni vizima. Rudi kwenye upepo au kwenye pawa, kuna jambo ulilopita bila kuliona.

Ukiwa bado mgumu, kuna kiungo kinachobana. Usikie mkononi. Kama unabana mahali fulani, unaachia, halafu unabana tena, shuku kiungo cha nguzo ya usukani. Kiungo hicho hushika kutu. Kama ni mgumu mwendo wote, shuku kingipini, boljointi au boksi.

Fundi anayo njia ya kukata shauri. Hufungua fito kutoka kwenye boksi. Kisha huzungusha usukani peke yake, na huyageuza magurudumu peke yake kwa mikono. Upande uliobaki mgumu ndio wenye ugonjwa. Kazi hii mwachie fundi. Kiungo cha usukani kikifungwa vibaya huweza kuchomoka njiani.

Lakini kupaka grisi unaweza mwenyewe. Malori mengi na magari mengi ya zamani yana vitundu maalumu vya kuingizia grisi kwenye kingipini na kwenye fito. Futa kila kitundu kwanza kwa kitambaa safi, ili usisukume mchanga ndani. Kisha piga grisi kwa pampu mpaka ile ya zamani, nyeusi na ngumu, itoke, na ile mpya ionekane. Kitundu kikikataa kupokea grisi, kimeziba. Mwambie fundi akibadilishe, usikiruke. Kiungo kilichorukwa ndicho kitakachokuumiza.

Kwetu Tabora mvua zikiisha huja vumbi. Maji ya masika huosha grisi, na vumbi la kiangazi hujichanganya na ile iliyobaki. Kwa hiyo gari linaloingia vijijini linafaa kupigwa grisi mvua zinapokwisha, kabla ya msimu wa soko la tumbaku. Tena linafaa kupigwa mara kwa mara kama kitabu chake kinavyoagiza.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiwashe moto chini ya gari ili kulipasha. Mafuta yaliyovuja na mipira ya dizeli au petroli hushika moto upesi.

Usizungushe usukani kwa nguvu gari likiwa limesimama tuli. Liache gari lisogee polepole ndipo ugeuze.

Usiushikilie usukani mpaka mwisho wa kona kwa muda mrefu. Pampu hupata moto mwingi na kuharibika.

Usipande gari ambalo usukani wake unabaki umepinda baada ya kona. Dereva akilegeza mkono, gari zima linapaswa kutaka kunyooka lenyewe. Lisiponyooka, litatangatanga barabarani, na dereva atachoka kupambana nalo. Hii ni dalili ya hatari kuliko ugumu wenyewe.

Na kama pawa itakatika ukiwa safarini, usitishike. Gari bado linaongozeka, ila kwa nguvu nyingi. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, simama pembeni. Usizime ufunguo gari likiwa linatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Huenda mkanda umekatika. Katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha vitu vingine, na pengine pampu ya maji. Ukiendelea na safari utaua injini.

ANDIKA KATIKA DAFTARI

Ndugu msomaji, ulijifunza kuandika kwa taabu. Usiache kalamu ikauke. Kila gari liwe na daftari lake. Mtu hukumbuka jana, hakumbuki mwezi uliopita. Daftari hukumbuka.

Andika tarehe, saa, na ulichokiona. Kwa mfano:

"Juni 10, saa 12 asubuhi. Usukani mgumu. Umelegea baada ya dakika 5."

"Juni 17, saa 12 asubuhi. Usukani mgumu. Umelegea baada ya dakika 15."

"Juni 24, saa 12 asubuhi. Usukani mgumu. Umelegea baada ya dakika 30."

Soma mistari hiyo mitatu. Baridi ni ile ile, lakini muda unaongezeka. Basi ugonjwa unakua. Dereva aliyekaa bila kuandika angesema, "Ni kawaida yake." Aliyeandika anajua kwamba gari linamwomba msaada.

TUMRUDIE DEREVA WETU

Asubuhi ya nne, mzee mmoja mwenye tumbaku yake ndani ya lori lile alimwuliza dereva, "Mwanangu, ukilegeza mkono baada ya kona, usukani unarudi wenyewe?"

Dereva alifikiri, kisha akasema, "Hapana, mzee. Siku hizi naurudisha mimi."

"Basi teremsha mzigo kwanza," mzee alisema.

Watu walinung'unika. Soko lilikuwa linangoja. Lakini marobota yaliteremshwa, na fundi akaitwa. Upepo ulikuwa sawa. Lori halikuwa na pawa. Waliinua magurudumu, na usukani ukawa bado mgumu. Kingipini zote mbili zilikuwa zimekauka. Fundi alipopiga grisi, ilitoka ile ya zamani, ngumu kama nta, imejaa mchanga. Kazi ilikwisha kabla ya saa sita mchana. Walitumia grisi na saa chache tu. Jioni tumbaku ilifika sokoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa usukani hauna nafasi ya kujenga ukuta, kwa sababu huonekana mara moja tu, pale kwenye kona.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini tunasema baridi haileti ugonjwa wa usukani, bali huufichua?

2. Tairi lilisoma 30 mchana na 28 alfajiri. Jingine lilisoma 30 mchana na 15 alfajiri. Lipi linavuja? Umejuaje?

3. Usukani ni mgumu na kuna kelele kali wakati wa kukata kona. Utakagua nini kwanza?

4. Katika kijiji chenu, nani anaruhusiwa kumwambia dereva, "Teremsha mzigo kwanza"? Je, inafaa abiria yeyote aweze kusema hivyo?

5. Andika katika daftari lako mistari mitatu kuhusu gari, trekta au baiskeli unayoijua: tarehe, saa, na dalili uliyoiona.